Kopo ya Mbele

Papa Kantini tulimjua kwanza kwa mkono. Dirisha la kantini lilikuwa dogo, na ndani mlikuwa na giza la magunia. Sisi wake wa wafanyakazi tulichokiona ni mkono wa kuume unatoka na kipimo, kile tunachokiita meka, na mkono wa kushoto umeshika kijiti cha ubao. Anajaza meka unga, anapitisha kijiti juu yake mara moja, na unga unaozidi unarudi katika gunia. Meka yako imekuwa sawa kama meza. Hakuna aliyepata kilima. Mke wa kapita msimamizi, mke wa mfagiaji, mke wake mwenyewe Mama Ngalula, wote meza.

Siku zile kampani ilikuwa inalisha watu wake. Bwana anaingia shimoni ama kiwandani, na mke anakwenda kantini kuchukua posho: unga, maharagwe, mafuta, samaki mkavu. Bwana yangu Mwansa alikuwa kwenye matanuru ya shaba. Mimi nilisimama kwenye mulongo wa dirisha lile tangu nikiwa na mimba ya Béatrice mpaka Béatrice mwenyewe akaolewa. Niliosimama nao kwenye mstari ule ninawakumbuka wote: Kyungu, Kabedi, Mujinga, Véronique wa Panda, Mama Kaseya mwenye jino la dhahabu, na Feza, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mtoto wa wavuvi wa Tshangalele, mwenye mdomo usiojua kupumzika.

Feza alimwomba kilima kila mwezi.

— Papa, ongeza kiloko, kidogo tu. Minye niko na batoto mingi.

— Sikukuuliza batoto. Shikilia mufuko.

— Ile kijiti yako, siku moja nitaiiba, nipikie bukari.

— Utapika bukari ya meka moja. Mwingine.

Basi, unasogea, mwingine anakuja. “Sikukuuliza” lilikuwa neno lake kabisa. Ukimwambia habari za mvua, hakukuuliza mvua. Watoto wetu walicheza mchezo wa kantini uani, mmoja anakaa nyuma ya boksi na kusema “Sikukuuliza”, wengine wanacheka mpaka wanaanguka. Na sisi mama zao tulicheka nao, lakini nitasema kweli, hatukumpenda. Tulifikiri ni mtu mrefu, wa mifupa mikubwa, asiye na mtoto moyoni.

Jina lake ninalijua, la ubatizo na lile la kwao. Siliandiki hapa, na sababu yake itajulikana.

Kampani ilianza kuugua polepole. Kwanza samaki alikosekana, halafu mafuta. Halafu mishahara ikachelewa, ikaja nusu, ikaacha kuja. Siku moja lori la unga halikufika. Papa Kantini alifungua dirisha saa yake ileile, maana saa yake haikubadilika hata wakati wa vita. Mkono wa kuume ukatoka bila meka. Aliuweka juu ya ubao wa dirisha, wazi, kiganja juu.

— Haina, alisema. Murudi ku manyumba.

Hatukurudi. Sijui kwa nini. Labda miguu ilikuwa imezoea. Tulikaa kwenye mulongo na vikapu vyetu mpaka jua likatupiga utosini. Ndipo mlango wa kando ukafunguka, naye akatoka. Na tulishangaa, maana alikuwa mfupi. Mfupi wa kufika begani mwa Feza. Miaka yote ile alikuwa anasimama juu ya sanduku.

Alipita kando ya mulongo kutoka mwanzo mpaka mwisho, anatutazama bila kusema. Baadaye aliniambia alichokiona. Alisema kutoka dirishani mtu anaona nyuso tu, uso unakuja, uso unakwenda. Siku ile ndiyo aliona migongo. Aliona namna tulivyosimama, vichwa chini, kila mmoja anatazama kisigino cha mwenzake. “Minye njo nilibafundisha kusimama vile,” alisema. Tangu hapo hakutaka kuona mulongo. Hata kanisani, watu wakienda kupokea komunyo, alibaki kwenye benchi mpaka mstari uishe, ndipo aende peke yake, padri ameisha kufunika kikombe. Padri alikasirika, akazoea.

Jambo lenyewe lilianzia jikoni kwa Mama Ngalula, na yeye ndiye aliyetusimulia pale kwenye bomba la maji, ndoo kichwani, anacheka na kukasirika pamoja. Alikuwa amechota unga wake wa jioni, ule mdogo uliobaki, maji yameanza kuchemka. Bwana wake akaingia, akachukua kopo ya bati iliyokuwa ikining'inia ukutani, akachota unga ndani ya beseni ya mke wake, akaiweka kando, akaifunika na sahani.

— Ile ya nani? Ngalula aliuliza.

— Ya muntu.

— Muntu gani?

— Sijajua bado.

Tulicheka sana. Feza alisema njaa imemuingia mzee kichwani. Lakini juma lile bwana wa Mujinga alivunjika mguu, na kampani haikuwa tena na kitu cha kumpa. Mtu akawa amejulikana. Kopo za Mama Ngalula zikaenda kwa Mujinga. Nami nilipoona hivyo, jioni ile nilichota kopo moja kabla ya kuusonga bukari, ugali wetu, Mwansa ananitazama tu. Kabedi akafanya hivyo, na Kyungu, na Véronique. Tukaiita kopo ya mbele, maana kwetu mbele ni kusema kwanza: kopo inatoka kabla ya chungu chako, si baada ya kushiba. Hakuna aliyetangaza kwamba kikundi kimeanza. Siku moja tuliona tu kwamba kipo.

Feza alikuwa wa mwisho. Alipoleta kopo yake, kwa mzaha wake aliifuta kwa kiganja, ikawa sawa kama meza, akamnyoshea mzee.

— Kamata. Sawa vile ulinifundisha.

Papa Kantini aliitazama.

— Rudi nayo. Ile ni ya kampani. Ya muntu inakuwa na kilima.

Feza alirudi nyumbani kwake bila neno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akaleta yenye kilima.

Sasa niseme juu ya maji, maana hapo ndipo kazi yetu ilipotofautiana na kazi ya mapadri na ya wale wazungu wa magari meupe waliokuja baadaye. Mara ya kwanza alinichukua mimi kwenda kwa Mujinga. Tulikwenda wawili, ndiyo sheria yake, kamwe mtu asiende peke yake, kwa sababu mmoja anaweza kujiona mkubwa, wawili wanachungana. Karibu na mlango akaninong'oneza:

— Usiseme kitu ya bunga. Omba mayi.

— Papa, minye sina kiu.

— Sikukuuliza kiu.

Nikaomba maji. Mujinga akatuletea, katika glasi zake za harusi, akazifuta na kitenge. Tukakaa, tukanywa, tukazungumza juu ya mguu wa bwana wake, juu ya kuku wa jirani. Mujinga akaanza kucheka, akatuletea na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, uliobaki chini ya chungu. Tulipoaga, Papa Kantini aliacha mfuko nyuma ya mlango kama mtu aliyesahau kofia. Njiani alisema:

— Umeona? Yeye njo alianza kutupatia. Siye tulirudisha tu.

Ikawa hivyo kila mahali. Huingii kwa mtu na unga wako mbele. Unamwomba kwanza: maji, chumvi kidogo, kaa la moto, ushauri juu ya kikohozi cha mtoto. Akikupa, mnakuwa watu wawili. Hapo unaweza kuacha kitu.

Msifikiri alikuwa mtakatifu. Alikuwa na baiskeli ambayo hakumwazima hata padri. Mtoto wa Kyungu alipozidiwa na homa, alimkalisha Kyungu juu ya baiskeli na mtoto mgongoni, yeye akatembea kwa miguu anaisukuma mpaka hospitali, kilima chote, na Kyungu anasema njia nzima alimgombeza asiegemee nyuma, springi zitalegea. Alipenda sukari kama mtoto. Alificha vipande mfukoni mwa shati na kuvinyonya wakati wa mahubiri, na hakumpa mtu. Aliimba kwa sauti kubwa, nje kabisa ya wimbo, na ukimtazama aliongeza sauti. Mtu akichelewa kwenye mkutano wetu alimwambia maneno ya kumliza. Na ukimshukuru alikuwa mkali kuliko ukimtukana. Mama Kaseya alipiga magoti mara moja kumshukuru, naye akamwambia, “Simama, unachafua kitenge,” akaondoka, na hakupita tena barabara ile kwa muda mrefu.

Kopo ilipokuwa imejulikana, ikatuletea aibu. Feza aliishiwa chumvi jioni moja, chumvi ya kweli, ya mchuzi wake. Akaenda kwa jirani wa upande wa pili, mke wa karani Monga, mama mwenye kujiheshimu sana.

— Yaya, dada yangu, nipatie chumvi kiloko.

Yule mama akabadilika uso.

— Chumvi? Mu nyumba yangu? Weye Feza umeona nini kwangu? Banasema nini ku bomba?

— Chumvi, yaya. Samaki inaungua.

— Toka na chumvi yako. Siye hatujafika kule. Bwana yangu iko na kazi ku biro.

Feza akarudi bila chumvi, samaki ameungua, na kesho yake kambi nzima ilijua kwamba kwa Monga kumeombwa chumvi. Watu wakaanza kuogopa mtu akigonga mlango. Mama mmoja wa mtaa wa Kikula aliombwa maji akaangua kilio, maana alijua sasa amehesabiwa. Tulikaa tukasema kazi imekufa.

Papa Kantini alifikiri, ananyonya sukari yake. Halafu akasema tuombe kila mahali. Kwa maskini, kwa mwenye kitu, kwa mkubwa wa kampani. Tuombe, tunywe, twende zetu, bila kuacha kitu. Hivyo hakuna atakayejua maji ya leo ni maji gani. Na yeye mwenyewe akaanzia juu, kule kwenye nyumba za wakubwa, zenye baraza, nami nikiwa mwenzake. Alibisha kwa injinia. Mke wa injinia akatoka mwenyewe.

— Unataka nini, papa?

— Mayi.

Akapewa. Akanywa yote.

— Na kingine?

Alikuwa amechoka na kile kilima, miguu yake mifupi.

— Nafasi ya kukaa kiloko.

Yule mama akasita. Halafu akasogea kwenye benchi la baraza, akamwachia nafasi. Walikaa pale wote wawili wanatazama mtaa, nami nimesimama kama mti. Alipopumzika akaaga. Kabla ya juma kuisha mke wa injinia alimtuma mpishi wake kuuliza kopo ni ya ukubwa gani.

Hivyo ndivyo ilivyokua. Dada wa Véronique alihamia Kakanda na bwana wake, akaanza huko, wakawa wanawake wengi kuliko sisi. Mama yake Feza aliipeleka Tshangalele, na kwa wavuvi kopo ikawa samaki, wa kwanza kutoka wavuni anatupwa katika kikapu cha pembeni. Wauza unga wa soko la Kikula walitoa konzi moja kutoka kila gunia lililofunguliwa. Tulikuwa tunakutana uwanja wa parokia, na watu walikuja ambao hata mimi ilinichukua mwezi kujifunza majina yao. Karani Monga naye akaja, bwana wa yule mama wa chumvi, mtu safi, msemaji mzuri. Akataka tuwe na prezida, na muhuri, na vitenge vya rangi moja. Akataka kikundi kiitwe kwa jina la Papa Kantini, kumpa heshima.

— Mukiita jina yangu, mzee alisema, siku minye nitakosea, kopo itakosea. Siku batanichukia, batachukia kopo. Acha jina.

— Lakini papa, historia...

— Sikukuuliza historia.

Watu walicheka, Monga pia. Akachaguliwa prezida, maana mzee alikataa, na vitenge tukavikosa. Ndiyo sababu siandiki jina lake.

Jambo moja hakuliweza. Mtu aliyetufundisha wote namna ya kutoa ili mwenzako aweze kupokea, yeye mwenyewe hakuweza kupokea. Alipougua malaria ile mbaya, nyumba yao ilikuwa kavu, Ngalula anachemsha matembele matupu. Mimi na Kyungu tukaenda. Tukaomba maji, tukanywa, tukaacha mfuko nyuma ya mlango. Aliuona kutoka kitandani. Akaamka na homa yake, blanketi begani, akaurudisha mpaka kwangu, anatetemeka jua kali.

— Umesahau kitu yako.

— Papa, kopo ni ya muntu.

— Mupeleke kwa muntu.

Ngalula alikuja jioni akilia kwa hasira. Alisema, “Bwana yangu atakufa na heshima yake, na minye nitakufa nayo bule.” Tulimpa unga kwa siri, akaupika, akamwambia umetoka kwa mdogo wake. Alikula. Sijui kama aliamini.

Halafu mambo yalianza. Kwanza ni maneno, mikutanoni na redioni, halafu mitaani: watu wa mkoa wa Kasai warudi kwao. Kabedi, Mujinga, Ngalula, bwana zao, walizaliwa hapa, ama walikuja migongoni mwa mama zao wakati kampani ilipokuwa inatafuta mikono. Kwao ni wapi? Papa Kantini alikuwa mtu wa Kasai. Tulijua, kama unavyojua mtu ana kovu gotini. Hatukuwahi kulitazama.

Vijana wenye fimbo walipita nyumba kwa nyumba. Kati yao niliwatambua waliokua kwa unga wa kopo, niliowapakata wakati mama zao wanatuletea maji. Majina yao ninayo. Leo wamezaa, na watoto wao wananiamkia vizuri barabarani. Wabaki hivyo.

Watu wa Kasai wakafukuzwa mpaka gare, pale treni inaposimama, wakakaa chini na kungoja treni. Treni haikuja. Ilipokuja, ilichukua waliojazana ndani na juu yake, ikawaacha wengine, wakangoja tena. Walikaa chini ya mashuka na mabati, mvua juu yao, ugonjwa wa kuhara katikati yao. Watoto walizikwa kando ya reli. Mujinga alikuwa kule. Kabedi alikuwa kule. Siku moja nilikuta mlango wa Papa Kantini uko wazi na watu nisiowajua wanapika ndani, kopo ya bati bado inaning'inia ukutani.

Tulikutana parokia, wachache. Monga alisimama. Hakuwa mtu mbaya, naliandika hilo.

— Kopo haitaenda ku gare, alisema. Ikienda, batasema siye ni batu yao. Watachoma nyumba. Kopo itakufa kabisa. Tungoje.

Feza akanyanyuka.

— Kopo ya nani, prezida? Nani aliikamata mbele?

— Mama Feza, minye pia nalia. Lakini nani atatoka hapa abebe bunga mbele ya wale batoto? Weye?

Feza aliketi. Ndivyo mzee alivyojua bila kujua: siku walipomchukia yeye, kopo iliogopa.

Wale waliorudi miaka ya baadaye waliniambia kwamba Mama Ngalula hakufika. Alizikwa njiani, ng'ambo ya Kamina. Juu ya mzee kila mmoja anasema yake. Mmoja anasema alionekana Mwene-Ditu, mwingine anasema huyo alikuwa mtu mwingine mfupi. Ila wanasema kuna akina mama huko ambao wakitaka kukusaidia wanakuomba maji kwanza. Mimi sikwenda kuona.

Ninalolijua ni siku niliyokwenda gare.

Mwansa alinikataza. Alisema, “Mama Béa, unataka watoto walale inje?” Nikamwambia ninakwenda sokoni. Nilichukua kopo zilizokuwa zimekusanyika kwangu tangu tuache kutoka, nikazimimina katika mfuko, nikaweka na kopo yangu ya kupimia, nikafunga mgongoni na kitenge kama mtoto. Nilimgongea Feza. Alifungua nusu ya mlango, akanitazama, akatazama mgongo wangu, akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaenda peke yangu.

Sitaeleza gare. Harufu yake nimeibeba, inatosha. Niliwakuta karibu na pampu iliyokufa, juu ya mkeka mmoja, chini ya shuka lililofungwa kwenye baiskeli. Baiskeli ilikuwa imesimamishwa kama nguzo. Ngalula alikuwa amelala, miguu imevimba. Mzee alikuwa amekaa, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Mdogo kabisa. Kama mtu aliyeshuka kwenye sanduku na kuendelea kushuka.

— Mwenzako iko wapi? aliniuliza.

Hakunisalimu. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza.

— Anaogopa, papa.

— Iko na haki. Na weye ulipaswa kuogopa.

Nilisimama na mzigo wangu. Majirani wa mkeka walikwisha kuona ni nini, macho yao yalikuwa mgongoni mwangu. Wanawake wawili na watoto wao, mzee mwingine kipofu. Papa Kantini aliona pia. Akageuza uso upande wa reli.

— Peleka kwa bengine, alisema. Hapa tunaishi.

Ngalula akacheka bila kufungua macho, kicheko kikavu.

— Tunaishi, anasema. Mama Béa, tangu jana hatujaweka kitu mu kinywa. Jana sista alileta maharagwe, bwana yangu akabarudisha. Alisema hana kitu ya kumupatia sista. Muombe kitu, mama. Muombe haraka, bila vile tutakufa hapa na sheria yake.

Nilitaka kuomba maji. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini maji yao yalikuwa kidogo ndani ya chupa, na ya kuyachemsha hakuna moto, na yeye angenipa yote, ninamjua. Chumvi hawakuwa nayo. Moto hawakuwa nao. Nilitazama mkeka, hakuna kitu juu yake ila wao. Na ng'ambo ya reli vijana wameanza kutazama upande wetu, mmoja ameshuka ukutani na fimbo yake. Nikaona benchi la baraza, kule juu.

— Papa, nilisema, niombe nafasi ya kukaa kiloko.

Akageuka. Alijua ninachoomba na mahali ninapokiomba. Mtu anayesimama gare anaweza kusema anapita. Anayekaa kwenye mkeka, amekaa.

— Weye si wa hapa, alisema taratibu. Balikuona kusimama, sawa. Wakikuona kukaa...

— Sikukuuliza wao, papa.

Ngalula akafungua macho. Na mzee akavuta miguu ya mke wake akaiweka mapajani mwake, akasogea mpaka ukingo wa mkeka, akapangusa vumbi kwa mkono wa kuume mahali alipokuwa amekaa.

— Kaa, mama.

Nikakaa. Yule kijana wa fimbo alikuja mpaka karibu. Nilimwita kwa jina lake, na la mama yake. Akaniambia, “Mama, toka hapa, weye si muntu yao.” Nikamwambia nimechoka miguu. Alisimama, akapiga fimbo mguuni mwake mwenyewe, akarudi alikotoka. Hatukuzungumza neno la maana. Ngalula aliuliza kama kuku wa jirani bado iko. Nilisema iko. Mzee aliuliza kama Béatrice amezaa. Nilisema bado.

Nilipofungua mzigo, hakukataa. Aliupokea mikono miwili, mimi nimeinamisha uso nisimwone. Halafu akafanya ambalo sikulitegemea. Alichukua kopo, akaita wale wanawake wawili, akamgusa kipofu bega, akaanza kupima. Anajaza, anapitisha kiganja juu yake mara moja. Sawa kama meza. Mwingine. Sawa kama meza. Aliyenung'unika akitaka zaidi alitazamwa tu. Yake na ya Ngalula aliipima vilevile, akaipangusa kama ya wote. Ndipo nikaelewa, kama mpumbavu, ubao wa dirisha la kantini ulikuwa umefunika nini miaka yote ile: alikuwa anaona mwisho wa gunia, na mwisho wa mulongo.

Unga wa kopo moja ulibaki. Akaujaza. Mkono ukakaa juu yake bila kupita. Akachota tena vumbi la unga kwenye mikunjo ya mfuko, akaongeza, akaongeza, mpaka kopo ikaota kilima. Akaninyoshea.

— Papa, minye niko na bunga ku nyumba.

— Sikukuuliza kama iko.

— Papa, tafadhali.

— Umekaa hapa, alisema. Aliyekaa anakula.

Nilipokea. Nifanye nini? Sheria ni yake. Nikainuka, sikuaga vizuri, sikumshukuru, maana nilimjua. Nilipogeuka nyuma alikuwa ameisha kunipa mgongo, anamfungia Ngalula kitenge miguuni. Juma lile treni ilikuja.

Nilitembea na kopo ile mkononi, nimeifunika na kiganja cha pili ili upepo usiondoe kilima, nikapita mbele ya vijana, nikapita soko la Kikula, nikapita mlango wa Feza. Alikuwa amesimama nje. Aliiona. Miaka yote alikuwa anakiomba kilima kile dirishani. Akaweka mikono kichwani, akakaa chini katika vumbi.

Jioni niliupika. Mwansa alikula, na watoto, hawakujua. Feza nilimpelekea tonge moja katika sahani, na nilipofika mlangoni kwake nilikuwa na kiu ya kweli, nikamwomba maji.